Mashua ya Kwenye Kioo

Kila Ijumaa baada ya shule, Hilja alipitia dukani kuchukua mkate mweusi wa shangazi yake, akaufunga nyuma ya baiskeli, akateremka hadi gatini. Huko alikuwa na kazi zake: kufagia sakafu ya mashua, kuchota maji yaliyovuja ndani, kukunja kamba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hakuna aliyemlazimisha. Aliipenda tu ile mashua ya mbao iliyonuka dizeli na lami, na alimpenda shangazi yake Marketta, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyosikika ng'ambo ya ghuba.

Kwetu visiwani Nauvo, kusini-magharibi mwa Ufini, hakuna asiyemjua Marketta. Mwenye kisiwa akihitaji saruji, kitanda au mtungi wa gesi, anampigia yeye. Na kila mwezi wa Mei, miti inapochipua, ndiye anayewapeleka kondoo kwenye visiwa vidogo wakale nyasi mpaka baridi irudi.

Mwaka ule macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Mbali aliona vizuri, lakini maandishi ya ramani ya karatasi, madogo kama sisimizi, yalimshinda. Siku zile simu zetu zilikuwa za kuongea tu. Basi akanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, programu ya ramani za bahari, na kipokezi cha GPS. Kipokezi chenyewe kilikuwa kidude cheusi cha mviringo, kidogo kuliko kiganja, chenye mkia mrefu wa waya. Kazi yake ilikuwa kupokea ishara za setilaiti na kujua kilipo. Kikiunganishwa na kompyuta, alama nyekundu yenye umbo la mashua ingetokea juu ya ramani, mahali palepale mashua yenyewe ilipo.

"Nani ataniunganishia hivi vitu?" Marketta aliuliza Ijumaa hiyo, akiwa amevishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.

"Mimi!" alisema Eelis, mwanawe wa miaka kumi na minne.

"Wewe?" Hilja akacheka. "Uliifungua redio ya jikoni mpaka leo iko kwenye sahani."

"Haya fundi, tuone basi. Ukishindwa, wiki nzima unaosha banda la kondoo badala yangu."

"Sishindwi. Printa ya walimu nani aliitengeneza?"

Hilja akaketi kwenye chumba cha usukani, akachomeka waya, akafungua programu. Kona ya kioo ikaandika: *Hakuna ishara*. Akachomoa, akachomeka tena. *Hakuna ishara*. Akaizima kompyuta na kuiwasha. *Hakuna ishara*. Kitabu cha maelekezo kilikuwa pembeni, kinene, chenye maandishi ya kubanana. Alisoma kurasa za mwanzo, zilizosema kwamba ndani ya kompyuta kila kifaa hupewa mlango wenye namba yake, na kwamba programu lazima iambiwe isikilize mlango upi. Milango ilikuwa mingi. Akajaribu mmoja, akajaribu mwingine, akachoka. Kitabu akakifunga.

Katika kuhangaika, akaona kitufe kilichoandikwa *Mazoezi*. Akakibofya. Programu ikamwuliza mashua ianzie wapi, iende wapi, na kwa mwendo gani. Akajaza: ianzie gatini, iende Karhuluoto, kisiwa ambacho kesho yake wangewapeleka kondoo, kwa mwendo wa kawaida wa shangazi yake. Papo hapo alama nyekundu ikatokea pale gatini, nzuri, inametameta.

Mlango ukafunguliwa. Marketta aliingia akifuatana na Mzee Rauno, mwenye kondoo.

"Ah! Tazama!" Marketta akapiga makofi. "Hapo ndipo tulipo hasa! Rauno, njoo umwone binti wa kaka yangu. Hilja, tayari?"

Hilja alifungua mdomo. Kwenye kona ya kioo neno *Mazoezi* liliandikwa kwa herufi ndogo ambazo shangazi yake hakuweza kuziona. Nyuma ya Mzee Rauno, Eelis alikuwa amekunja uso.

"Tayari," alisema Hilja.

Alijiambia kwamba angeitengeneza asubuhi. Lakini asubuhi kulikuwa na kondoo wa kupakia, na kondoo hawapandi mashua kwa hiari. Walipokwisha kuwasukuma wote ndani, kamba zilikuwa zimefunguliwa na injini inanguruma. Jua lilikuwa limetoka. Bahari ilikuwa laini kupita kiasi, kama maziwa yaliyoganda. Hilja akafikiri: shangazi anaijua njia hii, na hewa ni safi. Tukirudi nitaitengeneza, na hakuna atakayejua.

Mashua ilipoliacha gati, kidole chake kikabofya *Anza*. Alama nyekundu ikaanza kwenda.

"Inatembea nasi kama kivuli," alisema Marketta kwa furaha. Eelis aliinama akaitazama, akaguna, akarudi kwa kondoo.

Walipita katikati ya visiwa vya miamba. Kwa muda, kila kilichoonekana dirishani kilikuwa pia kwenye kioo, na Hilja akaanza kupumua. Kisha akaona tofauti. Upande wa kushoto walikuwa ndiyo kwanza wanalipita boya la kijani, ilhali kwenye kioo alama nyekundu ilikwisha kuliacha nyuma. Mashua ya kwenye kioo haikubeba kondoo. Ilikwenda kwa mwendo aliouandika yeye, na kila dakika ilizidi kuwaacha.

Aseme? Shangazi yake alikuwa anaimba. Akanyamaza.

Ukungu haukuja kwa kishindo. Kwanza visiwa vya mbali vilififia. Kisha upeo wa bahari ukawa si maji si mbingu. Shakwe waliokuwa wakiwafuata walitoweka, na kondoo waliokuwa wakilia tangu gatini wakanyamaza wote kwa pamoja, wamesimama wamebanana, masikio yameelekea mbele. Baridi iliingia chini ya mlango. Halafu omo, ile ncha ya mbele ya mashua, ikapotea. Walikuwa ndani ya weupe, na weupe ulikuwa pande zote.

"Mama," aliita Eelis, "tutie nanga?"

"Zamani ningetia nanga hapa kwenye maboya na kungoja," alijibu Marketta. "Mbele yetu ni njia ya meli kubwa, na mtu haivuki akiwa kipofu. Lakini leo tuna macho ya angani. Hilja, nisomee. Tuko wapi?"

Hilja alitazama kioo. "Kompyuta inasema... tunakaribia njia ya meli."

"Vizuri. Tukishaivuka niambie."

Hakuna kitu kirefu kama muda ule. Injini iligonga polepole. Matone ya ukungu yaliteremka kwenye vioo vya madirisha kama jasho. Hilja alitaka kusema kila alipovuta pumzi, na kila alipotoa pumzi alikuta amechelewa zaidi. Kama angesema gatini, angechekwa. Kama angesema kwenye boya la kijani, angegombezwa. Sasa hakujua kingetokea nini.

Kwenye kioo, alama nyekundu iliivuka njia ya meli, ikatoka upande wa pili.

Marketta aliinama akaiona mwenyewe. "Tumevuka," alisema, akapunguza mwendo wa injini na kunyoosha mgongo. "Sasa twende taratibu, tusije tukapanda mwamba. Eelis, nimiminie kahawa. Na ule mkate mtamu wa iliki uko kwenye kopo."

Ndipo honi ikalia.

Haikuwa kali. Ilikuwa nzito, ya chini, ndefu, ikawaingia miguuni kabla ya masikioni. Kikombe cha kahawa kilitetemeka mkononi mwa Eelis.

"Mama, hiyo iko karibu."

"Ukungu hudanganya masikio. Ile ni meli ya abiria ya Stockholm, iko nyuma yetu kule."

"Mbona imelia upande wa kulia?"

Honi ikalia tena, na safari hii kondoo wote waligeuza vichwa upande mmoja.

"Shangazi," Hilja alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia kwa nguvu. "Shangazi! Hiyo si sisi!"

"Nini si sisi?"

"Hiyo mashua ya kwenye kioo. Ni ya mazoezi. Kipokezi hakijaunganika. Tangu jana hakijawahi kuunganika. Mashua hiyo inakwenda yenyewe tu, na sisi tumebaki nyuma. Sijui tuko wapi."

Uso wa Marketta ulipauka. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Hilja kuliko kelele yoyote. Alinyoosha mkono akaizima injini.

"Umetuua!" Eelis alifoka. "Hilja, umetuua wewe!"

"Eelis, funga mdomo, fungua masikio," alisema mama yake.

Wakasikiliza. Maji yalipiga mbao. Kondoo mmoja akakohoa. Na chini ya hayo yote kulikuwa na sauti nyingine, mtetemo mzito usiokatika.

"Tuko ndani ya njia ya meli, au ukingoni mwake," alisema Marketta. "Nikienda mbele, huenda ninajipeleka chini yake. Nikirudi nyuma, vilevile." Alichukua kipaza sauti cha redio. "Meli iliyoko njia kuu ya Nauvo. Hapa ni mashua ndogo ya mbao, watu watatu na kondoo. Nimo kwenye ukungu na sijui niliko. Nasikia honi yako karibu sana."

Redio ilikoroma. Sauti ya mwanamume ikajibu, tulivu, ya haraka. "Mashua ndogo, nakusikia. Kwenye rada sikuoni, mbao hazionekani vizuri. Napunguza mwendo, lakini njia hapa ni nyembamba. Siwezi kukata kona, wala siwezi kusimama papo hapo. Nipe mahali ulipo."

"Subiri," alisema Marketta, akamgeukia Hilja. Macho yake yalikuwa makavu. "Hicho kidude kinaweza kusema kweli?"

"Sijui, Shangazi. Jana nilikata tamaa."

"Basi anzia pale ulipoachia. Na usiniambie neno lolote usilo na hakika nalo."

Hilja aliifunga ile mashua ya uongo, ikatoweka. Akakinyakua kitabu. Alikwenda kwenye ukurasa alioufunga jana. *Kama hujui kifaa kiko mlango upi,* kitabu kilisema, *fungua orodha ya milango, chomoa kifaa, tazama ni mlango upi umefutika.* Hayo tu. Mistari miwili chini ya pale alipochoka.

Akafungua orodha. Akachomoa waya. Mstari mmoja ukafutika. Akachomeka, ukarudi: mlango wa saba. Programu ilikuwa imeambiwa isikilize wa tatu. Akabadilisha, akabofya.

Kioo kikaandika: *Kipokezi kimepatikana. Kinatafuta setilaiti.*

"Kimeshika!" alisema. "La, bado. Kimeunganika, lakini hakijajua kilipo. Kinatafuta setilaiti. Paa hili ni la bati, labda linaziba."

"Lete!" Eelis alifungua dirisha, akakinyakua kipokezi, akatoa mwili wake nusu nje na kukiinua juu kadiri mkono wake ulivyofika, waya umenyooka kama uzi wa kishada. "Haya! Hivi?"

Honi ikalia. Safari hii haikuwa na upande. Ilikuwa kila mahali.

"Mashua ndogo, nipe mahali ulipo," redio ilisema.

"Bado," alisema Hilja, macho kwenye kioo. "Bado. Bado..." Kisha namba zikaanza kumiminika. Alama nyekundu ikatokea, si kule ng'ambo ilikokuwa ile ya uongo, bali katikati kabisa ya njia ya meli. "Shangazi, sasa! Hizi ni za kweli!"

"Una hakika?"

Hilja aliangalia kona ya kioo. Neno *Mazoezi* halikuwapo. Alitazama namba, zilikuwa zikibadilika kidogo kidogo jinsi mashua ilivyoelea. "Nina hakika."

Marketta akambandikia kipaza sauti mdomoni. Hilja akazisoma namba, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Redio ikakoroma tena. "Mashua ndogo, mko mbele yangu. Nendeni kusini. Sasa hivi, mwendo wote!"

Injini ilikohoa, ikashika. Marketta aliukamata usukani, macho kwenye dira, na mashua ya zamani ikapiga mbio ambazo haikuwa imezipiga kwa miaka mingi. Kondoo waliangukiana. Eelis bado alikuwa dirishani na mkono juu, uso umelowa. Nyuma yao weupe ulianza kuwa mweusi. Weusi ukawa ukuta. Ukuta ukapanda juu, juu zaidi, wenye safu za madirisha yenye taa, ukapita kimyakimya mahali walipokuwa wameelea kitambo kidogo tu. Kutoka huko juu iliteremka harufu ya vitunguu vya kukaanga, na mtoto mmoja asiyeonekana alikuwa anacheka.

Kisha mawimbi yake yakawafikia. Mashua ililala upande, ikasimama, ikalala upande mwingine. Kikombe kilivunjika. Halafu bahari ikatulia, na mtetemo ukaenda ukififia magharibi.

"Mashua ndogo," redio iliita. "Bado mpo?"

"Tupo," alisema Marketta. Akaketi chini sakafuni.

Walifika Karhuluoto kwa mwendo wa kinyonga. Marketta hakuiamini tena kompyuta peke yake. Kila Hilja aliposoma mahali walipo, shangazi yake alilinganisha na dira, na kina cha maji, na saa yake, na hapo tu ndipo aliposogea. Walipoifunga mashua, Eelis aliiita "mtumbwi wa kondoo" akijaribu kutania, lakini hakuna aliyecheka. Kondoo walirukia mwambani wakaanza kula nyasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hilja alikaa juu ya jiwe lenye unyevu. Sasa alikuwa analia. Marketta alikuja akaketi karibu naye, akaumega mkate mtamu sehemu tatu, akampa kipande na Eelis kipande.

"Nipige tu, Shangazi," alisema Hilja.

"Nikupige ili iweje? Kula kwanza."

Walikula. Ukungu ulikuwa bado mzito, lakini juu ulianza kung'aa.

"Nisikilizeni wote wawili," Marketta alisema hatimaye. "Kompyuta iliyoshindwa haizamishi mtu. Ningejua imeshindwa, ningetia nanga kule kwenye maboya, tukanywa kahawa na kungoja. Kushindwa kuunganisha waya si aibu, hata mimi nisingeweza. Kilichotupeleka mbele ya ile meli ni neno moja: 'tayari'. Uliponiambia tayari, nililala juu ya neno lako kama mtu anavyolala juu ya kitanda, bila kutazama kama kina miguu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Baharini ni fupi zaidi."

"Nilitaka kusema kila mara," alisema Hilja kwa sauti ndogo. "Ila kila mara ilikuwa vigumu kuliko mara iliyopita."

"Ndivyo uongo ulivyo. Siku ya kwanza unaubeba wewe, siku ya pili umekupanda mgongoni. Lakini uliutua. Ulichelewa, ila uliutua kabla ukweli haujawa bure, na baada ya hapo ukaifanya kazi uliyoikimbia jana. Hayo mawili ndiyo yaliyotuleta hapa." "Na mimi nina fungu langu. Dira ilikuwa mbele ya pua yangu. Nilipaswa kujiuliza, mashua iliyojaa kondoo inakwendaje mbio hivi? Sikujiuliza, kwa sababu nilitaka kuamini."

Eelis alikuwa anachora chini kwa kijiti. "Na mimi nilikucheka," alisema bila kumtazama Hilja. "Banda nitaliosha mwenyewe."

"Tutaliosha wote," alisema Hilja.

Ukungu ulipopungua, wakarudi kwenye mashua. Hilja alifunga kipokezi nje, juu ya paa, kwa kamba na utepe, akahakikisha waya haubanwi na mlango. Marketta aliweka mkono kwenye ufunguo wa injini.

"Fundi, inafanya kazi?"

Hilja alitazama kioo. Alama nyekundu ilikuwa pale, lakini ilikuwa inarukaruka, mara juu ya maji, mara juu ya mwamba. Mzee Rauno alikuwa anawangoja gatini, na jioni ilikuwa inakaribia.

"Sijui bado, Shangazi," alisema. "Nipe muda."

"Haya," alisema Marketta. Akautoa mkono wake kwenye ufunguo, akaegemea kiti, na wakangoja.